Rimu za mifereji au za boliti? Maoni yangu kwa wanaotoa upepo wa tairi wakienda Kidepo na Karamoja

Wacha nianze na jibu, manake najua wengine mko kazini na hamna muda wa kusoma yote. Kama gari yako ni ile ya kutoka Kampala na lami mpaka Kitgum au Moroto, alafu unaingia kwenye moramu na mchanga siku kadhaa, alafu unarudi na lami hiyohiyo, nunua rimu zenye mifereji ya ndani, zile ambazo Method Race Wheels wanaziita Bead Grip. Usinunue za ringi na boliti, zile zinazoitwa bidiloki. Za boliti ndo zinashika kuliko zote, kwa hilo sibishani na mtu, lakini zinadai matunzo kila wakati na hapa kwetu mtu wa kukusaidia kuzitunza njiani hayupo. Mimi natumia za mifereji kwenye Prado 120, gari ya kazi, inabeba watu na vifaa vyao na madumu ya maji juu, na rafiki yangu tunayetembea naye ana Land Cruiser 80 yenye za boliti halisi, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa gari zote mbili zikiwa kwenye njia moja siku moja.

Kwanza kwa nini tunatoa upepo, manake bado kuna madereva wazoefu kabisa wanaingia kwenye mchanga na tairi zimejaa psi 40 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) alafu wanalaumu gari. Uzito wa gari unabebwa na upepo ulio ndani ya tairi. Ukichukua uzito ukagawa kwa presha unapata karibu lile eneo la tairi linalogusa chini, kwa hiyo ukishuka kutoka psi 35 mpaka 18 eneo linakaribia kuwa mara mbili, na halipanuki sana kwa upana kama watu wanavyodhani, linarefuka. Tairi inalala, inakuwa na unyayo mrefu kama wa ngamia, inapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Hapo hata injini inapumua, huhitaji kukanyaga mafuta sana, na difu na shafti zako hazipigwi.

Kwetu Uganda mchanga wa kweli haupo kila mahali lakini ukikutana nao utaujua. Mto Kidepo, ndani ya hifadhi ya Kidepo kaskazini-mashariki, muda mwingi wa mwaka hauna maji juu, ni mchanga mtupu na mivumo imejipanga kando, na njia ya kwenda kwenye maji moto ya Kanangorok inakatiza hapohapo. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kutoka nje ya njia kutafuta mahali pagumu pa kupita, unavuka pale walipovukia wenzako, na wenzako wamekwisha pachimba. Mtu mwenye psi 18 anapita na gia ya pili ya lo (zile gia nzito za 4x4) bila kelele, mwenye 38 anachimba kaburi la ekseli. Alafu kuna moramu yenye mawimbi-mawimbi, Kotido kwenda Kaabong kwa mfano, hapo ukishuka mpaka 25 au 26 gari inaacha kutetemeka na boliti za keria hazilegei, na abiria wanafika wakiwa bado wanaongea.

Udongo mweusi wa Karamoja ni habari nyingine na nataka niwe mkweli hapa manake nimeona wauza rimu wanawadanganya watu. Ule udongo ukiloa vizuri unajaza kashata zote za tairi kwa mizunguko miwili mitatu tu na kutoka hapo una tairi laini nne zinazoteleza, iwe psi 40 iwe 15. Kushusha upepo kunasaidia kidogo pale ambapo juu kumelowa na chini bado kugumu, basi. Mvua ikinyesha usiku kucha pande za hifadhi ya Pian Upe, chemsha chai subiri jua. Hakuna rimu ya kukutoa hapo, mtu akikuambia iko anataka pesa yako.

Sasa tufike kwenye rimu zenyewe. Tairi ya chublesi, yaani isiyo na chubu ndani, inakaa kwenye rimu kwa mdomo wake, yaani ule ukingo mnene wa ndani wenye waya za chuma. Kinachoushikilia mdomo pale ni upepo, upepo unausukuma kwa nje ubanane na ukingo wa rimu. Ukipunguza upepo nusu, na nguvu ya kubana umepunguza nusu, hakuna ujanja. Kilichobaki ni kinundu kidogo kilichozunguka ndani ya rimu, ukiangalia rimu nyingi utaona zimegongwa H2, manake kinundu kiko pande zote mbili, kazi yake kuzuia mdomo usiteleze ukadumbukia kwenye bonde la katikati. Kinundu hicho kinatosha kwa presha ya kawaida, kinatosha mara nyingi hata kwa 20. Ukifika 15, 14, 12, na gari ina mzigo, na umekata kona huku umekanyaga mafuta, hapo ndo mdomo unatoka na upepo wote unaisha kwa sekunde moja.

Na hautoki hovyohovyo, una tabia yake. Ukikata kona, mzigo unaenda kwa tairi ya mbele iliyo upande wa nje wa kona, ardhi inaisukuma ile tairi kwa ndani kuelekea chini ya gari wakati rimu inataka kwenda nje. Kwa hiyo mdomo unaotoka ni ule wa upande wa nje, unaouona ukisimama kando ya gari. Ndo sababu rimu za boliti nyingi zinabana mdomo wa nje tu, wa ndani wanauachia kinundu. Tairi za nyuma zenyewe shida yao ni nyingine, unaweza kukuta rimu inazunguka ndani ya tairi, tairi imeshikwa na tope au jiwe na rimu inasonga. Hiyo unaipima rahisi sana, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye rimu kupanda kwenye ubavu wa tairi, ukirudi kutoka porini angalia kama mstari bado umenyooka.

Za boliti zinafanya hivi: ukingo wa nje wa rimu hauko kama wa kawaida, mdomo wa tairi unaulaza juu ya rimu alafu unaweka ringi ya chuma au alumini juu yake na unaifunga kwa boliti nyingi, nyingine 24, nyingine 32, inategemea ukubwa na mtengenezaji. Mdomo umebanwa kama karatasi kwenye klipu, upepo hauhitajiki tena kuushikilia, kwa hiyo watu wa kupanda miamba wanashuka mpaka 8, mpaka 5, na tairi haitoki. Nimeiona 80 ya rafiki yangu ikipanda mawe kule nyuma ya Moroto huku ubavu wa tairi umejikunja kabisa chini na nikaogopa kwa niaba yake, na haikutoka. Kwa kazi ile hazina mshindani.

Lakini sasa angalia maisha yake. Kila boliti inafungwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa nguvu ndogo tu, nyingi nilizoziona zinataka kati ya Nm 20 na 30, kwa kuruka upande mmoja kwenda mwingine na kwa raundi mbili tatu mpaka ringi ikae sawa. Baada ya safari ya kwanza unarudia zote. Baada ya hapo unazikagua kila mara. Ukipeleka kwa fundi wa tairi akakuchapia kwa ile bunduki ya upepo anakata boliti au anaharibu nyuzi ndani ya rimu na rimu imekwisha. Mavumbi yetu mekundu yanaingia kwenye vichwa vya boliti yakichanganyika na tope yanakuwa saruji, rafiki yangu anatembea na mswaki na msumari wa kuyachokoa na si mzaha, anakaa chini kila jioni anachokoa. Ringi ikikaa upande kidogo tu inavuja polepole, asubuhi unaamka tairi moja iko chini. Na balansi ni ngumu, ule uzito uko nje mbali na katikati, ukitoka Karuma kuja Kampala na speedi ya 90 usukani unatetemeka mkononi saa baada ya saa. Watengenezaji wengi wenyewe wanaandika kwamba ni za nje ya barabara tu, na ukiangalia safari zetu, lami ndo nyingi. Kampala mpaka Kitgum unaenda kilomita zaidi ya 400 kabla hujafikiria kugusa valvu.

Za mifereji hazina ringi, hazina boliti. Ukiishika mkononi bila tairi unaweza kudhani ni rimu ya kawaida mpaka upitishe kidole pale mdomo unapokaa, utasikia mistari imechongwa imezunguka, pande zote mbili, wa ndani na wa nje. Ukijaza upepo mpira wa mdomo unajisukuma ndani ya ile mistari na unashika. Ukitoa upepo, mpira hautoki kwenye mistari kirahisi manake ushajichonga humo. Hiyo tu. Hakuna kitu cha kukaza, hakuna cha kukagua, balansi inafanywa kwa mashine ileile na gari inatembea kwenye lami kama gari ya kawaida. Mimi nashuka mpaka 15 na mzigo, na kwenye mchanga mbaya nimeenda 13, kona nazikata polepole kwa heshima, na mdomo haujatoka na mstari wa rangi haujasogea. Kwa rimu za kiwandani kwa presha hiyo nisingelala usingizi.

Lazima niseme na upande wake mgumu, na ni mgumu kweli. Tairi ikishakaa humo haitaki kutoka. Fundi mwenye mashine nzuri ya kubana ubavu anaifungua, anatoa jasho lakini anaifungua. Fundi wa pancha wa kando ya barabara mwenye vyuma viwili na nyundo hawezi, na tunajua kwamba ukiacha miji mikubwa wengi wa mafundi wetu ni hao wa vyuma viwili na ni watu hodari. Nilisimama kwa mmoja huko kaskazini, mzee amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, akapanda juu ya tairi, akapiga, akaniambia, "Mwanangu, hii tairi umeigundisha na gundi?" Nkamwambia hapana mzee, ni rimu ndo ina mistari ndani. Akaomba nimwoneshe kwenye simu picha ya rimu bila tairi, akaiangalia sana, akasema, "Basi hii tusiifungue, tuizibe hivihivi." Tukaiziba kwa kamba kutoka nje, dakika chache, nkaendelea na safari. Kwa hiyo ukinunua hizi, nunua na seti ya kamba za kuziba pancha, ile yenye msumari wa kukwangulia na sindano ya kuingizia kamba, na ujifunze kuitumia nyumbani kabla hujaenda. Pancha nyingi za misumari na miiba unazimaliza bila kutoa tairi. Ubavu ukichanika hiyo ni speya, kwa rimu yoyote ile, na kule Kisoro kwenye yale mawe ya volkano chini ya Muhabura mbavu zinachanika sana manake mtu ameshusha upepo ubavu umetoka nje umekuwa mpana kuliko tairi yenyewe. Kwa mawe makali mimi sishuki chini ya 25.

Kuna aina nyingine mtazisikia nazitaja haraka. Staun wa Australia wana kifaa kinakaa ndani ya tairi, ni kama chubu nyembamba ndani ya koti ngumu, unaijaza presha kubwa kuliko ya tairi na inabana midomo yote miwili kwenye rimu yako ileile ya zamani. Wazo zuri lakini lazima utoboe rimu tundu la valvu ya pili na kuipachika ni kazi ya mtu mwenye subira, na pancha ikija ni mradi mzima. Hutchinson wa Ufaransa wana rimu za vipande viwili zenye mpira katikati unaosukuma midomo yote, hizo asili yake ni magari ya jeshi, ni imara mno na nzito mno. Alafu kuna za kuchomelea, unanunua ringi unapeleka rimu ya chuma kwa mchomeleaji. Katwe, pale Kampala, kuna mafundi wa vyuma wazuri kupita kiasi, nawaheshimu, lakini rimu ikichomelewa joto linaipinda, na isipokaguliwa kwenye mashine inayozunguka utakuwa umejitengenezea rimu ya kutetemeka maisha yake yote. Na wale wanaotoboa rimu wanapitisha skrubu mpaka ndani ya mdomo wa tairi, hiyo ni kazi ya magari ya mbio fupi, kwa chublesi ya kwenda nayo Karamoja kila tundu ni mahali pa kuvuja.

Feki nazo. Hapa nakasirika kidogo manake watu wanaumia. Kwenye maduka ya rimu mjini utakuta rimu nzuri inang'aa, boliti ndogondogo zimezunguka ukingo wote, muuzaji anakuambia hiyo ni bidiloki ya jangwani. Nyingi ya hizo boliti ni urembo, zimegandishwa kwenye alumini hazishiki kitu. Mtu ananunua, anashuka 10 akiamini amebanwa, na tairi inatoka kwenye kona ya kwanza. Kutofautisha ni rahisi: angalia ubavuni, ya kweli ina ringi ambayo ni kipande kingine na unaona mstari wa mwachano kati yake na rimu, na mdomo wa tairi upo katikati yao. Mwambie muuzaji akufungulie boliti tatu. Ya kweli ataifungua ringi ilegee, ya urembo ataanza hadithi. Katikati ya hizo kuna zile zinazouzwa kama urembo lakini zinaweza kubadilishwa kuwa za kweli ukinunua ringi ya kazi, Ford na Jeep wanauza za hivo kwa Bronco na Wrangler. Hizo si utapeli, ila bila ringi ya kazi bado ni rimu ya kawaida.

Vipimo, na hapa msirukeruke. Prado zote mpaka 150, Hilux za 4x4, na Land Cruiser 80 ni stadi 6 kwa 139.7, yaani boliti sita za kufungia tairi kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser 100 na 200 ni stadi 5 kwa 150, rimu haziingiliani hata ukilia. Tundu la katikati la Prado ni milimita 106, rimu yenye tundu kubwa zaidi inaning'inia kwenye stadi badala ya kukaa kwenye habu, tafuta ringi ya kujazia. Ofuseti, yaani milimita ambazo uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko mbali na katikati ya upana wa rimu, ya kiwandani kwa Prado iko 25 mpaka 30, na rimu nyingi za porini zinakuja na 0, manake tairi itasogea kuelekea nje ya madigadi karibu sentimita 3, itakurushia matope mlangoni na kwenye vioo, itakula beringi haraka na ukikata usukani mpaka mwisho itagusa. Mimi nilisubiri mpaka nikapata yenye ofuseti karibu na ya kiwandani na sijutii ule muda. Upana chukua inchi 8 au 8 na nusu kwa tairi ya 265/70R17, usivutiwe na 9 kwa sababu ya sura, rimu nyembamba kidogo inashika mdomo vizuri zaidi ukitoa upepo, pana inauvuta ubavu kwa nje na mdomo unachungulia.

Alafu nati. Hili linaua watu na halisemwi. Rimu ya alumini ya Toyota ya kiwandani inatumia nati yenye mguu mrefu na washa bapa. Rimu nyingi za kununua zinataka nati ya koni, kwa Prado ni M12 kwa 1.5 (unene na nafasi ya nyuzi kwa milimita). Ukifunga nati ya washa kwenye tundu la koni inashika kwa pembeni kidogo tu, inalegea, na tairi inakupita barabarani. Ukinunua rimu nunua na nati zake, na speya yako kama umebaki na ya kiwandani weka nati zake za zamani kwenye mfuko ndani ya gari, usizitupe. Kwa wanaonunua rimu za mitumba kutoka Japani, geuza nyuma utafute alama za JWL na VIA, ndo zinaonesha rimu imepita vipimo vya kule. Isiyo na alama yoyote nyuma, hata ukubwa haijaandikwa, irudishe rafuni.

Kuhusu pesa, rimu nne orijino zikifika Kampala na ushuru wake zinakaribia bei ya tairi nne nzuri mpya, kwa hiyo kama tairi zako zimeisha kashata usinunue rimu. Na kama huna kompresa usinunue rimu vilevile, manake utatoa upepo Kidepo alafu utaujazia wapi, sheli ya karibu iko mbali na huwezi kukimbia na psi 18 kwenye moramu, zaidi ya kilomita 40 kwa saa ubavu unachemka na tairi inapasuka kutokea ndani. Kompresa ya kubana moja kwa moja kwenye betri, si ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, na geji nzuri moja, ile isiyokudanganya chini ya 20. Hivyo viwili vinakupa robo tatu ya faida yote ya hii habari hata ukiwa na rimu za kiwandani, ukikaa kwenye 20 na kuendesha kwa akili. Pima tairi zikiwa baridi asubuhi, si baada ya kukimbia.

Na kama mdomo umetoka usipanic. Inua gari kwa jeki, safisha mchanga wote kwenye mdomo na kwenye rimu, hili watu wanaliruka na ndo linaleta kuvuja, paka maji ya sabuni, zungusha mkanda wa kufungia mzigo katikati ya tairi uukaze mpaka midomo ifunguke kwa nje, toa kile kisindano cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa kasi, washa kompresa. Utasikia mlio mkubwa mara mbili, ni midomo inakaa, legeza mkanda mapema kabla presha haijapanda. Kuna vijana wanapulizia petroli ndani na kuwasha kiberiti, video zinapendeza, usifanye. Mikono na macho havina speya.

Kwa wenye Land Cruiser 78 na 79 za mashirika na za serikali, mnaoniuliza kila siku, nyinyi wengi mko na tairi za 7.50R16 zenye chubu na rimu za chuma zenye ringi ya kufungia. Ringi hiyo si bidiloki, ni ya kufungulia tairi tu, lakini kwa kuwa rimu ile haina bonde refu la katikati mdomo hauna pa kudumbukia kirahisi. Adui wenu ni chubu. Mkishuka sana tairi inateleza kwenye rimu inavuta chubu na chubu inakatika kwenye valvu, kwa hiyo mimi nisingeshuka chini ya 20 na hizo, na ule mstari wa rangi kwenu ni wa lazima. Ukiona valvu imeanza kulala upande, toa upepo wote urudishe chubu mahali pake kabla haijakatika. Mkitaka kushuka zaidi, badilisheni kabisa muweke rimu za kipande kimoja za chublesi, 79 za kuanzia 1999 ni stadi 5 kwa 150. Na mpaka hapo, wakati fundi anajaza upepo kwenye hizo za ringi, tairi ilazwe kwenye kizimba cha chuma au ringi ielekee chini na minyororo ipite juu yake, mpira wa kompresa uwe mrefu, na hakuna mtu kuinama juu yake kuchungulia, manake ringi ikiruka inaruka na nguvu ya kuua.